Mwelekeo wa Mwili na Ufundi wa Hatua katika Dansi ya Milonga

0. Utangulizi

Milonga ni jina la mambo matatu yanayohusiana. Kwanza, ni wimbo wa gitaa wa malenga wa nyika za Argentina na Uruguay, watu waliokuwa wakishindana kutunga beti papo kwa papo. Pili, ni dansi ya watu wawili yenye mwendo wa haraka, ndugu wa karibu wa tango. Tatu, ni mkusanyiko wenyewe wa wachezaji: mkazi wa Buenos Aires asemapo kwamba usiku aenda milonga, anakusudia mahali, na huko huchezwa tango, valsi na milonga kwa zamu.

Makala haya yanahusu maana ya pili. Yanalenga kueleza jinsi mwili wa mchezaji unavyoelekezwa, na jinsi mwelekeo huo unavyotawala hatua za miguu. Mtu atazamaye milonga kwa mara ya kwanza huvutwa na miguu, kwani ndiyo inayokwenda mbio. Lakini ajaribupo kuicheza hugundua upesi kwamba miguu ni mwisho wa habari, si mwanzo wake. Kinachoanza ni kifua.

Aidha, somo hili halimhusu mpenzi wa dansi peke yake. Jina la dansi hii lina sura ya Kibantu iliyo wazi, na historia yake inawagusa watu waliotolewa kwa nguvu katika nchi za Kongo na Angola. Mwanafunzi wa lugha za Afrika ana sababu ya kulitazama kwa makini, bila kulikuza kupita ushahidi uliopo.

1. Neno na historia yake

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba neno milonga latokana na Kimbundu, lugha ya Angola. Katika Kimbundu mulonga ni neno au usemi, pia shauri lenye mabishano. Wingi wake ni milonga. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja jozi ya viambishi mu-/mi-, ambayo kwa Kiswahili sanifu ni m-/mi-, kama katika mti na miti, mkono na mikono. Kiswahili nacho kinacho kitenzi longa, kwa maana ya kusema au kuzungumza, ingawa si kila msemaji hukitumia.

Kilichotokea katika Kihispania ni jambo la kufurahisha kisarufi. Wasemaji wa lugha hiyo hawakuona kiambishi chochote katika neno hilo. Walilichukua lote kuwa shina moja, wakalipa jinsi ya kike kwa sababu laishia kwa -a, kisha wakaliongezea -s ili kupata wingi. Kwa hiyo milongas ni wingi juu ya wingi. Kiswahili kilifanya kinyume chake kilipopokea neno kitabu kutoka Kiarabu: sauti ki-, ambayo kwa Waarabu ni sehemu ya shina, ilichukuliwa kuwa kiambishi, na kwa hiyo vitabu vikazaliwa. Kila lugha humvika mgeni nguo za nyumbani.

Maana nayo haikupotea yote. Katika Kireno cha Brazili milonga ni maneno mengi ya kuzungukazunguka, umbea au visingizio. Katika Kihispania pia neno hilo laweza kumaanisha hadithi ya uongo. Hata hivyo, tahadhari yahitajika. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa nasaba. Kikongo kina kitenzi longa chenye maana ya kufundisha, lakini haifai kukiingiza katika ukoo huu kwa kuwa tu kinasikika hivyo.

Kuhusu dansi yenyewe, shahidi anayetajwa sana ni Ventura Lynch, aliyeandika mwaka 1883 juu ya desturi za jimbo la Buenos Aires. Alisema kwamba milonga ilichezwa na kompadrito, yaani vijana watanashati na wagomvi wa mitaa ya pembezoni, na kwamba waliibuni ili kudhihaki dansi za watu weusi. Sentensi hiyo yastahili kusomwa mara mbili. Mwenye kudhihaki mwendo wa mtu hana budi kuutazama kwanza, kisha kuuiga kwa mwili wake mwenyewe. Dhihaka ikirudiwa kila juma kwa miaka mingi, hugeuka mafunzo, na yule aliyechekwa huwa mwalimu asiyetajwa.

Walimu hao hawakuwa wachache. Hesabu ya watu ya mwaka 1778 iliwakuta watu weusi na machotara kuwa karibu 30% ya wakazi wa Buenos Aires. Walikuwa na vyama vyao vilivyoitwa mataifa, vyenye majina kama Kongo, Angola na Benguela, na humo ndimo walimocheza kandombe kwa ngoma. Katika hesabu ya mji huo ya mwaka 1887 idadi yao iliandikwa kuwa chini ya 2%. Vita, maradhi, ndoa za mchanganyiko na wingi wa wahamiaji kutoka Ulaya vilichangia. Hali kadhalika namna ya kuandika, kwani mtu aliyeandikwa mweusi jana aliweza kuandikwa kwa jina jingine leo. Walakini, sensa ya Argentina ya mwaka 2010 ilipowauliza watu juu ya nasaba yao, karibu 150,000 walijitambua kuwa na asili ya Afrika. Watu walifutwa kwenye karatasi kabla ya kutoweka mitaani.

2. Mapigo ya muziki

Muziki wa milonga huandikwa kwa mapigo mawili katika kila kipimo. Ukikigawa kipimo hicho katika sehemu ndogo nane zilizo sawa, midundo mikuu huangukia sehemu ya kwanza, ya nne, ya tano na ya saba. Huo ndio mdundo wa habanera, ambao Kuba iliusambaza katika bandari nyingi za dunia katika karne ya 19. Mtu anaweza kuupiga mezani kwa kidole: baada ya mdundo wa kwanza pana nafasi ndefu, kisha miwili hufuatana kwa karibu, na wa mwisho husukuma kurudia mwanzo.

Milonga ichezwayo mijini ilipata sura yake ya sasa mwanzoni mwa miaka ya 1930, pale Sebastián Piana alipotunga muziki na Homero Manzi akaandika maneno ya nyimbo kama Milonga sentimental. Tangu hapo okestra za tango ziliingiza milonga katika orodha zao.

Kwa mchezaji, jambo la kukumbuka ni moja: muda ni mfupi. Katika tango mchezaji aweza kusimama, akangoja, akapambua. Katika milonga mapigo hayamsubiri mtu. Karibu kila kanuni ya mwili itakayoelezwa hapa chini inatokana na ufinyu huo wa muda.

3. Mielekeo mitatu ya mwili

Mchezaji wa milonga anaelekea pande tatu kwa wakati mmoja: anaelekea ukumbi, anaelekea mwenzake, na viungo vyake vyenyewe vinaelekeana. Makosa mengi hutokea pale mielekeo hii inapochanganywa.

3.1. Mwelekeo kuhusu ukumbi

Wachezaji wote huzunguka ukumbi kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Kwa hiyo anayeongoza, akitazama mbele katika njia ya mzunguko, ana kitovu cha ukumbi upande wake wa kushoto na ukuta upande wake wa kulia. Mara nyingi, hata hivyo, huanza akiwa ameuelekea ukuta, au kwa mshazari kati ya ukuta na njia. Akisimama hivyo, hatua ya kwenda kushoto humpeleka mbele katika mzunguko, bila kumgonga mtu.

Hatua ya kurudi nyuma ni jambo jingine. Iwapo anayeongoza ametazama njia ya mzunguko, kurudi nyuma ni kuwaingilia wale wanaomfuata, na yeye hana macho kisogoni. Kwa sababu hiyo mafundi wengi huepuka kuanza kwa hatua ya nyuma ukumbi ukijaa, au huifupisha iwe ya kuhamisha uzito tu. Adabu ya ukumbi na ufundi wa mwili hapa ni kitu kimoja.

3.2. Mwelekeo kuhusu mwenzi

Wawili hawa hukumbatiana. Anayeongoza huzungusha mkono wake wa kulia mgongoni kwa mwenzake, na mkono wake wa kushoto hushika mkono wa kulia wa mwenzake. Upande wa mikono iliyoshikana huitwa upande ulio wazi. Upande wa pili huitwa uliofungwa. Vifua huelekeana, na katika mtindo wa karibu hugusana. Mara nyingi havikai sambamba kabisa, bali upande uliofungwa hukaribiana zaidi kidogo kuliko ulio wazi.

Neno kuelekeana lastahili kusimamiwa kidogo. Kiambishi -an- cha kauli ya kutendana husema kwamba tendo laenda na kurudi. Mtu mmoja aweza kumwelekea mwenzake naye akampa kisogo. Lakini hawawezi kuelekeana ila wote wawili wamekubali. Milonga huchezwa katika kauli hiyo ya kutendana. Anayeongoza akigeuza kifua chake pasipo kujua kifua cha mwenzake kiko wapi, huwa anasukuma, haongozi. Naye anayefuata akitazama miguu yake na kukiacha kifua kiondoke, huwa amekata mazungumzo, na baada ya hapo kila hatua ni ya kubahatisha.

Kwa nini kifua, wala si mikono? Sababu ni ya kimwili. Mikono ina viungo vingi vya kupindika: bega, kiwiko na kifundo. Ishara itokayo mkononi hupotea katika viungo hivyo, au hufika ikiwa imechelewa. Kifua kiko karibu na uzito wa mwili; kinapoanza kusogea, uzito wote unasogea. Mwenzi hupata habari kabla ya mguu kunyanyuka. Mfuatano sahihi ni huu: nia, kisha uzito, kisha mguu. Ukigeuzwa, mguu ukatangulia, matokeo yake ni kidole kilichokanyagwa.

3.3. Mwelekeo ndani ya mwili

Mwili wa mchezaji nao una sehemu mbili ambazo hazielekei upande mmoja daima. Kifua humtazama mwenzi. Nyonga na miguu hufuata njia. Tofauti kati ya viwili hivyo hupatikana kwa kupinda kiwiliwili juu ya kiuno, bila kuinamisha mabega.

Mfano wake ni kutembea kandokando ya mwenzi. Anayeongoza husogea kidogo kushoto kwake, ili miguu yake ipite nje ya miguu ya mwenzake, upande ulio wazi. Mwenzake sasa hayuko tena mbele yake kabisa, bali mbele na kulia. Ili vifua viendelee kuelekeana, hana budi kukigeuza kifua kulia huku nyonga zikibaki katika njia. Asipofanya hivyo, kumbatio hufunguka, na mkono wake wa kulia hulazimika kumvuta mwenzi kwa nguvu.

Katika tango kupinda huku huwa kukubwa, kwani hufuatwa na mizunguko juu ya mguu mmoja. Katika milonga hupunguzwa. Kuzunguka juu ya mguu mmoja kwahitaji muda, nao muda haupo. Milonga hubadili mwelekeo zaidi kwa kuhamisha hatua kuliko kwa kuzunguka.

4. Ufundi wa hatua

Magoti hulegezwa kidogo, wala hayakunjwi sana. Mtu atembeaye kwa miguu iliyonyooka huinuka kila mguu unapopita chini yake, kisha hushuka. Katika mwendo wa haraka kuinuka na kushuka huko humtikisa mwenzi na kupoteza muda. Goti lililolegea humeza tofauti hiyo. Kichwa hubaki katika kimo kimoja na uzito hukaa karibu na ardhi. Uzito huelekea sehemu ya mbele ya wayo, kwa kuwa aliyekaa juu ya visigino hawezi kuondoka upesi. Hatua ni fupi, karibu zote zikiwa chini ya kiwiliwili.

Zipo njia mbili kuu za kucheza. Ya kwanza huitwa lisa, yaani laini. Mchezaji hukanyaga katika mapigo mawili makuu ya kila kipimo, hatua moja kwa pigo moja, bila kuongeza kitu. Mwanafunzi huanza hapo, na fundi hurudi hapo. Umbo linalofundishwa sana ni baldosa, neno la Kihispania la kigae cha sakafuni: mabadiliko sita ya uzito yanayochora pande nne ardhini na kumrudisha mchezaji tayari kuanza upya.

Njia ya pili huitwa traspie, maana yake kujikwaa. Hapa mchezaji huongeza mkanyago kati ya mapigo makuu, kwa mfano katika sehemu ya nne au ya saba ya zile nane. Siri yake ni kwamba uzito hauhami wote. Mguu hukanyaga, hupokea uzito nusu, nao uzito hurudi ulikotoka. Kwa mtazamaji ni kama mtu aliyejikwaa akajizuia. Kwa mchezaji ni kama kauli iliyoanzwa ikasahihishwa katikati. Ikiwa anayeongoza ameuhamisha uzito wote, anayefuata atasoma hatua kamili na kwenda zake. Ikiwa kifua kimebaki mahali pake, ataelewa kwamba ni mguu tu uliosema.

5. Makosa manne na sababu zake

Kosa la kwanza ni kutazama sakafu. Kichwa ni kizito. Kikiinama, huvuta kifua nyuma na kuacha pengo kati ya wawili.

La pili ni kunyanyua mabega. Hutokana na hofu ya mwendo wa haraka. Bega lililonyanyuka hufunga mbavu, na kifua hakiwezi tena kugeuka peke yake bila nyonga.

La tatu ni hatua ndefu. Mwanafunzi hudhani kwamba muziki wa haraka wataka mwendo wa mbali. Kinyume chake ndicho kweli: muda ukipungua, njia nayo ipungue.

La nne ni la mwalimu. Huyu husimama mbele ya wanafunzi waliokwisha kukumbatiana na kutangaza: “Nendeni mbele! Sasa kulia!” Lakini mbele ya mmoja ni nyuma ya mwingine, na kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwenzake. Nusu ya darasa hutii, nusu hukosea, na wote wawili wamesikia sawasawa.

Hapo isimu ina neno la kusema. Maneno ya mwelekeo ni ya namna mbili. Mengine hutegemea mwili wa mtu: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Kiswahili chenyewe huonyesha utegemezi huo, kwani mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Umefungwa na mwenye mwili. Mengine hutegemea mahali: kuelekea ukutani, kuelekea kitovu cha ukumbi, kufuata njia ya mzunguko. Kwa watu wawili walioelekeana, namna ya kwanza hugawanya, ya pili huunganisha. Mwalimu asemaye “Wote wawili kuelekea ukutani” hutoa amri moja kwa miili miwili. Aidha, anaweza kutumia pande za kumbatio, ulio wazi na uliofungwa, ambazo ni mali ya wawili hao kwa pamoja. Kulia ni kwa mmoja. Upande ulio wazi ni wa wote.

6. Milonga na rumba

Msomaji wa Kongo atauliza uhusiano wa haya na rumba. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, ilikua kutokana na muziki wa Kuba uliorudi Afrika kwa njia ya sahani za gramafoni. Wengi hulinasibisha jina lake na neno la Kikongo nkumba, yaani kitovu. Tango, pamoja na milonga katika ukoo wake, iliingizwa katika orodha hiyo mwaka 2009 kwa ombi la Argentina na Uruguay, na kandombe ya Uruguay ikaingizwa mwaka huohuo.

Mwanahistoria wa sanaa Robert Farris Thompson, katika kitabu chake juu ya tango cha mwaka 2005, alisisitiza mchango wa utamaduni wa Kongo katika dansi hizo. Haifai kusema kwamba milonga ni rumba iliyopotea njia. Rumba huachia kiuno kizungumze. Milonga hukituliza kiuno na kuweka usemi kifuani na miguuni. Lakini zote mbili zina kanuni moja: wawili huelekeana kwanza, hatua hufuata baadaye. Na majina yao, kama nasaba zinazotajwa ni za kweli, yanagawana kazi vizuri: moja latoka mwilini, jingine latoka kinywani.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ufundi wa milonga haukai miguuni peke yake. Umejengwa juu ya mielekeo mitatu: kwa ukumbi, kwa mwenzi na ndani ya mwili. Ufupi wa muda katika muziki ndio unaofupisha hatua, unaolegeza magoti, unaopunguza mizunguko na kuleta vifua karibu.

Imeonekana pia kwamba jina la dansi hii, kwa maelezo yenye nguvu zaidi, ni neno la wingi lenye maana ya maneno. Waliolibeba neno hilo ng’ambo ya bahari hawakuulizwa kama wanataka kusafiri, na waliowaiga waliandikwa kuwa wanafanya mzaha. Karatasi za sensa ziliwapunguza hadi wasionekane. Hata hivyo, kila usiku huko Buenos Aires watu wanaposema waenda milonga, hutamka kiambishi cha Kibantu pasipo kukijua. Na wanapokumbatiana na kungoja pigo la kwanza, hufanya hasa lile ambalo neno linasema: wanasemezana.